Mizani Inapogoma: Kupunguza Uzito kwa Mazoezi ya Nguvu na Tahadhari juu ya Bidhaa za Kupunguza Unene

(Matini ya mada iliyowasilishwa mbele ya wanachama wa kikundi cha mazoezi jijini Dar es Salaam. Inachapishwa katika kijitabu hiki kwa manufaa ya watumiaji ambao hawakuhudhuria.)

  

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo wengi wenu mmelipitia au mtalipitia. Mtu ameamua kupunguza uzito. Amepunguza sahani ya wali, ameacha soda, na mara tatu kwa wiki anafika hapa kunyanyua vyuma. Wiki za mwanzo mizani inashuka hata majirani wanauliza siri yake. Kisha, mwezi wa tatu au wa nne, mizani inagoma. Wiki ya kwanza anavumilia, wiki ya tatu anapunguza chakula cha jioni, wiki ya tano anamwuliza mwenzake wa benchi la jirani, na mwenzake anatoa namba ya simu ya mtu anayeuza vidonge.

Huenda mkajiuliza mtumishi wa mamlaka ya udhibiti ana lipi la kusema hapo, maana mwalimu wenu wa mazoezi anayajua hayo kunishinda. Sababu ni ile namba ya simu. Mtu ambaye uzito wake unashuka vizuri hatafuti kidonge. Muuzaji wa bidhaa zisizosajiliwa humpata mteja wake katika wiki hizo tano za kukata tamaa, na madhara yanayofuata ndiyo yanayoletwa mezani kwetu. Kwa hiyo nitatumia sehemu kubwa ya muda wangu kueleza kwa nini uzito husimama na mtu afanye nini. Mwenye kuijua sababu ni vigumu kuuziwa uongo.

Je, uzito umesimama kweli?

Tuanze na mizani yenyewe. Mizani ya bafuni haijui tofauti ya mafuta, misuli, maji, na chakula kilichomo tumboni, inajumlisha vyote. Mwili wa mtu mzima huhifadhi wanga katika misuli na ini kwa umbo linaloitwa glaikojeni, aghalabu gramu mia kadhaa, na kila gramu moja ya glaikojeni hushikana na takribani gramu tatu za maji. Mtu anapopunguza wanga, akiba hiyo hutumika na maji yake hutoka. Ndiyo maana kilo za mwanzo huondoka haraka mno, na ndiyo maana matangazo mengi huahidi matokeo ya siku saba. Siku saba za mwanzo karibu kila njia huonekana kuwa inafanya kazi.

Mambo hugeuka mtu anapoanza mazoezi ya nguvu. Misuli iliyochoshwa huvimba kidogo ikijikarabati, na uvimbe huo ni maji. Misuli inayozoea mazoezi huweka akiba kubwa zaidi ya glaikojeni, na hayo pia ni maji. Anayetumia kretini, ambayo ni kirutubisho kilichochunguzwa sana na kwa watu wenye afya njema hakina rekodi mbaya, anaweza kuongezeka kilo moja au mbili za maji katika wiki ya kwanza. Wanawake wengi huongezeka maji siku za kukaribia hedhi. Juu ya hayo, anayeanza vyuma kwa mara ya kwanza anaweza kujenga misuli huku akipoteza mafuta. Basi inawezekana kabisa mtu akapoteza kilo moja na nusu ya mafuta katika mwezi mmoja na mizani isioneshe chochote.

Kwa sababu hiyo, ninashauri msiseme uzito umesimama mpaka zipite wiki nne. Pima uzito asubuhi baada ya kutoka chooni na kabla ya kunywa chochote, mizani ikiwa juu ya sakafu ngumu wala si juu ya zulia au mkeka. Pima siku kadhaa kwa wiki, jumlisha, tafuta wastani, kisha linganisha wastani wa wiki na wastani wa wiki. Tumia mizani ileile kila mara. Ikiwa inazidisha nusu kilo, itazidisha nusu kilo leo na mwezi ujao, na mabadiliko utayaona vilevile. Kisha chukua tepu ya fundi cherehani uzungushe kiunoni, katikati ya ubavu wa chini na mfupa wa nyonga, bila kuvuta tumbo ndani. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba hatari ya maradhi ya moyo na kisukari huanza kuongezeka kiuno kinapozidi sentimeta 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke. Kiuno kikipungua ilhali mizani imekaa palepale, hakuna tatizo la kutatuliwa. Endelea na kazi.

Akiba inavyoliwa na mwili wenyewe

Lakini ikiwa wiki nne zimepita, na kiuno nacho hakikupungua, basi uzito umesimama kweli. Hapa ninaomba tupige hesabu pamoja.

Kwa miaka mingi vitabu vilifundisha kwamba kilo moja ya mafuta ni kalori 7,700, kwa hiyo ukipunguza kalori 220 kila siku utapoteza kilo moja kila siku 35, na utaendelea hivyo mwaka mzima, na mwaka wa pili, na wa tatu. (Ninaposema kalori ninamaanisha zile zinazoandikwa kcal kwenye pakiti.) Ingekuwa kweli, mtu angeendelea kupungua mpaka akatoweka. Hesabu ile inasahau kwamba mwili mdogo hutumia nishati kidogo kuliko mwili mkubwa. Mwaka 2011 mtafiti wa Marekani, Kevin Hall, na wenzake walichapisha katika jarida la The Lancet hesabu iliyo karibu zaidi na ukweli: kila kalori 24 unazopunguza kwa siku, na kuendelea kuzipunguza, hatimaye hukupunguzia kilo moja. Hatimaye, yaani si mwezi ujao. Nusu ya badiliko hilo huonekana baada ya mwaka mmoja hivi, na karibu lote baada ya miaka mitatu.

Tuchukue mfano wa mama mwenye kilo 90 aliyeshuka hadi 82. Kwa kupungua kilo nane tu, mahitaji yake ya siku yamepungua kwa kalori kama 190. Chakula kilekile kilichompunguza mwezi wa kwanza sasa kinakaribia kuwa chakula cha kumbakisha alipo. Hakufanya kosa lolote. Mpango wake umefika mwisho wa uwezo wake, kama gari lililofika mahali mafuta yaliyowekwa yanapoishia.

Jambo la pili ni njaa, na ninaona halizungumzwi vya kutosha. Mwaka 2016 ulichapishwa uchambuzi wa wagonjwa wa kisukari waliopewa dawa inayotoa sukari mwilini kupitia mkojo. Wagonjwa hao walikuwa wakipoteza kalori kila siku bila kuhisi, kwa hiyo watafiti waliweza kuona mwili unajibu vipi pasipo mtu kujilazimisha. Waligundua kwamba kwa kila kilo iliyopotea, hamu ya kula iliongezeka kwa kiasi cha kalori 100 kwa siku. Linganisheni: matumizi ya mwili hupungua kwa kalori 24 kwa kilo, hamu ya kula huongezeka kwa 100. Anayesema baada ya miezi minne kwamba njaa yake imezidi hajidekezi. Njaa imezidi kweli.

La tatu ni uvivu usioonekana. Mtu anayekula kidogo hukaa zaidi, hupanda ngazi kidogo, humtuma mtoto dukani badala ya kwenda mwenyewe. Saa moja ya vyuma haiwezi kufidia saa kumi na tano za kukaa. Wengi wenu mmeambiwa kwamba misuli mnayojenga itachoma mafuta hata mkiwa mmelala. Ni kweli, ila kiasi chake ni kidogo: kilo moja ya misuli iliyopumzika hutumia kalori kama 13 kwa siku, ambazo hazifikii nusu ya yai. Thamani ya mazoezi ya nguvu iko kwingine, nami nitaieleza baada ya kupita jikoni.

Kipimo cha jikoni

Mwaka 1992 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti juu ya watu kumi walioamini kwamba miili yao imekataa kupungua, licha ya kula kidogo. Walipimwa kwa njia za maabara zisizoweza kudanganywa. Ilionekana kwamba walikuwa wakila karibu mara mbili ya walichoandika. Walitaja pungufu kwa asilimia 47, na mazoezi yao waliyazidisha kwa asilimia 51. Miili yao ilikuwa ikitumia nishati kama ya watu wengine. Sitaji utafiti huu ili kumwaibisha mtu. Watu wale hawakuwa waongo. Walikuwa wanakadiria kwa macho, na macho hayaoni mafuta yaliyokwisha kuingia ndani ya mchuzi.

Hivyo basi, kabla ya kubadili chochote, fanyeni kazi ya siku saba ya kupima. Mizani ndogo ya jikoni inatosha, na asiyekuwa nayo atumie kijiko na kikombe kimoja kila siku. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120. Katika nyumba nyingi mafuta humiminwa kutoka kwenye dumu moja kwa moja, na mboga ya majani ambayo mlaji anaihesabu kuwa chakula chepesi inaweza kubeba vijiko vitatu. Kijiko kidogo cha sukari, kikiwa sawa na ukingo, kina kalori 16. Weka vitatu katika chai, kunywa vikombe vitatu, tayari ni 144, na vijiko vyetu kwa kawaida hujaa kilima. Kiganja cha karanga cha gramu 30 ni kalori kama 170. Soda ya sukari ya mililita 350 inakaribia 150. Tui zito la nazi sitalitaja kwa namba, maana hutofautiana mno, lakini wapishi wa pwani mnajua linavyong'aa juu ya wali.

Yule mama wa kilo 82 alihitaji kupata kalori 190 zilizopotea. Ziko katika kijiko kimoja na nusu cha mafuta. Si lazima aache ugali, wala asilale na njaa.

Bidhaa za pakiti zinataka jicho la pili. Tazama kwanza kama thamani zilizoandikwa ni za gramu 100, au za kipimo kimoja, au za pakiti nzima. Kinywaji cha chupa ya mililita 500 kilichoandikwa kalori 42 kwa mililita 100 kina kalori 210, na hakuna anayekunywa mililita 100 akairudisha chupa. Unga wa protini nao hutaja kipimo kimoja, na mara nyingi kipimo hicho ni vijiko viwili vya kopo. Kisha, kama mtumishi wa udhibiti, nawaambia jambo ambalo huwashangaza wengi: namba ya kwenye lebo ina uhuru kidogo. Kanuni za Marekani, mathalani, huruhusu kalori halisi kuzidi zilizoandikwa kwa hadi asilimia 20. Chukulieni lebo kama makadirio mazuri.

Kuusukuma uzito uliosimama

Baada ya siku saba za kupima, mtu ana njia mbili halali, nami ninapendelea azichanganye. Apunguze kalori 150 hadi 250 za siku, kwanza kutoka katika mafuta ya kupikia, sukari na vinywaji. Na aongeze mwendo wa kawaida, kama kushuka kituo kimoja kabla ya nyumbani. Kisha asubiri wiki nne nyingine akipima kama nilivyoeleza. Anayetaka kukata nusu ya chakula ili kumaliza haraka ajue gharama yake. Mwaka 1944 hadi 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mtaalamu Ancel Keys aliwalisha vijana 36 waliojitolea nusu ya mahitaji yao kwa wiki 24. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Pamoja na mafuta walipoteza misuli, walihisi baridi hata kiangazi, walikosa nguvu, waliwaza chakula usiku na mchana, na miguu yao ilivimba maji kiasi cha kuficha upungufu wenyewe kwenye mizani. Chakula kilipofunguliwa walikula kupita kiasi, na mafuta yalirudi kabla ya misuli.

Hapo ndipo thamani ya vyuma inapoonekana. Anayepunguza uzito bila mazoezi ya nguvu hupoteza mafuta pamoja na misuli. Anayenyanyua vyuma hubakiwa na sehemu kubwa ya misuli yake. Kwa hiyo uzito unapogoma, kosa kubwa ni kuacha vyuma na kuhamia kukimbia saa mbili kila siku. Endeleeni na mazoezi makubwa yanayohusisha viungo vingi, kama kuchuchumaa na uzito, kuinua chuma kutoka chini, kusukuma na kuvuta, mara mbili au tatu kwa wiki. Andikeni uzito mnaonyanyua. Daftari hilo ni kipimo cha tatu baada ya mizani na tepu. Namba za vyuma zikishuka wiki baada ya wiki, chakula kimepunguzwa kupita kiasi au usingizi hautoshi.

Protini ndiyo tofali la misuli. Uchambuzi uliojumuisha tafiti 49, uliochapishwa mwaka 2018, uliona kwamba faida kwa wanyanyuaji iliongezeka hadi kufikia gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, na zaidi ya hapo haikuongezeka kwa dhahiri. Mwenye uzito mkubwa anaweza kupigia hesabu uzito anaoulenga: akilenga kilo 70, ni gramu 112. Zinapatikana sokoni. Yai moja lina gramu 6, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15, kikombe cha maziwa 8, gramu 100 za nyama ya kuku iliyopikwa, bila ngozi, zinakaribia 30, na dagaa wakavu ni tajiri kuliko vyote hivyo kwa uzito wao. Unga wa kopo ni wa urahisi tu; asiyekuwa na fedha ya kopo hajapungukiwa na kitu. Mwenye maradhi ya figo asiongeze protini kabla ya kuzungumza na daktari wake.

Juu ya usingizi nitasema kwa ufupi. Mwaka 2010 watafiti wa Chicago waliwapa watu kumi chakula kilekile cha kupunguza uzito kwa siku 14, mara wakiruhusiwa kitandani saa 8.5, mara saa 5.5. Kilo zilizopungua zililingana, lakini katika usingizi mfupi mafuta yaliyopotea yalipungua kwa asilimia 55. Ndugu anayeamka saa tisa usiku kuwahi foleni ya Mbagala anayo sababu yake, nami sina dawa ya foleni. Ila asijilaumu kwa kukosa juhudi.

Wapo pia ambao uzito wao umeshikwa na ugonjwa au dawa. Tezi ya shingo inayofanya kazi pungufu, insulini, dawa za jamii ya steroidi, baadhi ya dawa za akili na sindano ya uzazi wa mpango zinaweza kuongeza uzito au kuuzuia kushuka. Usiache dawa kwa sababu ya mizani, mwulize aliyekuandikia. Na mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asipunguze chakula kabla ya kurekebishiwa dozi, maana sukari inaweza kushuka ghafla akiwa chini ya chuma.

Sasa ile namba ya simu

Nimefika kwenye kazi yetu. Bidhaa zinazouzwa kwa watu waliokwama ni za aina nyingi, lakini nitagusa zile zinazoumiza.

Ya kwanza ni vidonge au kahawa inayoandikwa kuwa ya mitishamba, kumbe imechanganywa dawa. Dawa inayopatikana mara nyingi katika bidhaa hizo duniani ni sibutramini. Iliwahi kuwa dawa halali ya kupunguza uzito tangu mwaka 1997. Baadaye ulifanyika utafiti mkubwa kwa wagonjwa wapatao 10,000 wenye maradhi ya moyo au kisukari: waliopata shambulio la moyo, kiharusi au matukio ya aina hiyo walikuwa asilimia 11.4 kwa waliotumia dawa, na asilimia 10 kwa waliopewa kidonge kisicho na kitu. Mwaka 2010 iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani. Mnunuzi wa kahawa ya kupunguza kitambi haambiwi hayo. Anaona hamu ya kula imekwisha, moyo unamwenda mbio, usiku halali, na anahisi bidhaa inafanya kazi. Kwa mwenye shinikizo la damu asiyejijua, na wako wengi, kisha akaenda kunyanyua chuma kizito huku amebana pumzi, hatari hiyo ni kubwa.

Ya pili ni chai. Nyingi ya chai za kupunguza tumbo zina senna au dawa nyingine ya kuharisha. Kinachotoka ni maji na kinyesi; chakula kimeshasharabiwa kabla ya kufika huko chini. Mizani hushuka kilo moja, mnunuzi hufurahi, kilo hurudi, hununua tena. Akizoea kwa miezi, mwili hupoteza madini ya potasiamu ambayo mapigo ya moyo huyategemea. Mikanda ya plastiki ya kutoa jasho ni ndugu wa chai hiyo: hutoa maji, ambayo glasi mbili huyarudisha.

Ya tatu ni nadra zaidi, lakini haiachi nafasi ya kujuta: kemikali iitwayo DNP. Ilianza kutumika kupunguza uzito Marekani mwaka 1933, na kweli ilichoma mafuta, kwa kuufanya mwili ugeuze chakula kuwa joto. Joto lilipanda hata watu wakafa, na wengine wakapata mtoto wa jicho. Mwaka 1938 ilikomeshwa huko. Bado huuzwa kwa siri kwa wajenga miili kupitia mitandao. Haina kiuasumu. Anayekupa unga wa njano na kukuambia utatokwa jasho sana, ondoka.

Neno asili lisiwatulize. Efedra ni mmea wa asili, nao ulipigwa marufuku katika virutubisho nchini Marekani mwaka 2004 baada ya kuhusishwa na vifo vya ghafla.

Mtaniuliza juu ya sindano mpya za semaglutide. Hizo ni dawa za kweli, zenye ushahidi, na zina watu wanaozistahili kwa maelekezo ya daktari. Lakini dawa yenye umaarufu huvuta waghushi. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya semaglutide bandia iliyogunduliwa Brazili, Uingereza na Marekani. Sindano inayoletwa na pikipiki ndani ya mfuko wa plastiki, bila ubaridi, bila cheti cha daktari, hakuna anayeweza kukuambia kilichomo ndani, akiwemo muuzaji.

Kuhusu pa kwenda, watu wengi bado huchanganya. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula na vipodozi ulihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS, na iliyokuwa TFDA ikawa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Kwa maana hiyo unga wa protini ulioharibika au wenye lebo ya uongo ni wa TBS. Kidonge, sindano, au bidhaa yoyote inayodai kutibu ni ya TMDA. Kwa walioko Zanzibar, ofisi ni ZFDA. Ukikosea mlango utaelekezwa mwingine, usirudi nyumbani. Aliyepata madhara aende kwanza kituo cha afya, aseme wazi alichotumia hata kama anaona haya, na aombe taarifa ya madhara ijazwe. Tafadhali msitupe pakiti. Bila pakiti, namba ya toleo na vidonge vilivyobaki, mkaguzi hana pa kuanzia, na muuzaji huhamia kikundi kingine Jumamosi inayofuata.

Mezani hapa nimeleta pakiti tupu kadhaa: unga wa protini, chai mbili, kinywaji cha chupa, na kopo moja la vidonge ambalo halina jina la mtengenezaji wala anwani. Ninaomba mgawanyike watano watano, kila kundi lichukue moja. Tafuteni kipimo kimoja ni gramu ngapi, pakiti nzima ina kalori ngapi, nani ameitengeneza, na inadai nini. Tuna dakika ishirini kabla ya maswali.